Ule Mstari wa Nne Kwenye Picha Yako

Vero mwanangu,

Jana kwenye simu uliniamkia nikaitika, kwa hiyo salamu tumeshamaliza. Habari za begi, sweta na watu wa kwenye basi namwachia mama yako, anazijua kuliko mimi. Mimi nimekaa juu ya kreti mbele ya chumba changu hapa Mkolani, zamu yangu inaanza jioni, na nina jambo moja ambalo ni lazima ulisome kabla hujafika Dodoma.

Ni ile picha uliyonitumia wiki iliyopita. Ulipiga picha skrini yako ukaandika, "Baba, ona, imekubali! Hii ndiyo skripti niliyowaandikia kwenye usaili." Nilikuwa kwenye mapumziko. Niliwaonyesha wenzangu, nao hawakuelewa kitu lakini walishangilia. Halafu nikabaki peke yangu, nikaivuta picha kwa vidole ikawa kubwa, nikaanza kusoma taratibu kama ninavyosoma kila kitu. Mistari mitatu ya kwanza ni mizuri. Nikafika wa nne.

Mstari wa nne unafuta folda ya zamani kabla programu haijaundwa upya. Umeandika rm -r $folda, basi. Hukuweka alama za kunukuu pande zote mbili za hilo jina.

Nilikujibu "Hongera sana mwanangu," nikazima simu. Leo ni siku ya saba. Kukuambia "weka alama" ni kazi ya dakika moja, lakini ungeniuliza, "Baba, wewe umejuaje?" Maana huu ni mwaka wa tatu nakuambia kwamba mambo ya kompyuta nimeyasahau. Sijayasahau, Vero. Na hiyo tabia ya kuziacha alama hukuitoa chuoni. Niliitia mimi kichwani mwako, kwenye ile laptop ya mtumba, pale Majita mezani kwa mama yako, likizo ile ya Krismasi. Uliniuliza hizi alama ni za nini, nikakuambia, "Hayo ni mapambo, yanakuchelewesha bure." Nakumbuka maneno yenyewe.

Sasa nikueleze nilikojifunzia, na kwa nini niliacha.

Kiwanda chetu cha minofu hapa Nyakato unakijua kwa jina tu. Kazi yangu ni ileile: kushusha kreti za sangara, kumwaga barafu, kuosha sakafu. Pembeni ya lango la kupokelea samaki kuna chumba kidogo chenye kompyuta kuukuu. Kila lori likiingia, samaki wanapimwa joto, na linaandikwa kwenye folda ya mwalo walikotoka, yaani pale ufukweni wanaposhushwa kutoka ziwani. Bila maandishi hayo mzigo hautoki nje ya nchi. Samaki anaweza kuwa mzuri kabisa, lakini kama karatasi haisemi alikaa kwenye baridi kiasi gani, kwa mnunuzi wa huko nje ni samaki aliyeoza.

Karani wa chumba kile alikuwa Rhoda. Mwanamke wa Sengerema, sauti nene, hacheki ovyo. Siku moja alinikuta nasoma lebo ya kreti kwa sauti.

"Baba Vero, umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba, na kidato cha kwanza nusu."

"Nusu ipi?"

"Ile ya mwanzo, dada. Ile ya mwisho sikuiona."

Alicheka siku hiyo. Basi akaanza kunifundisha. Kwanza kuandika joto, kisha kuhamisha faili, kisha zile amri zinazoandikwa kwenye skrini nyeusi. Sijui kama nimewahi kukuambia jinsi nilivyopenda. Mtu aliyebeba kreti tangu ujana anaandika neno moja, anabonyeza, na kitu kinatendeka bila mgongo wake kuuma. Wenzangu wakanipa jina. "Profesa wa Magamba!" walikuwa wakiita. "Hebu mwambie kompyuta ije ibebe kreti hii!" Nilijidai nimekasirika, lakini jina lenyewe nililipenda.

Kompyuta ile ilikuwa inajaa upesi. Kila folda ikishatumwa ofisi kuu, ilibidi ifutwe ili ipatikane nafasi. Rhoda alikuwa anatakiwa kwenye mzani nje, kwa hiyo akanipa neno lake la siri ili nifanye kazi hiyo ya kufuta. Haikuruhusiwa. Alijua, na mimi nilijua.

Amri ilikuwa ndefu na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa barafu. Nikatengeneza skripti, yaani amri zilizoandikwa mapema zijiendeshe zenyewe: inakuuliza jina la mwalo, unaandika, inafuta. Ilikuwa na mistari mitano. Nilimwita Rhoda aje aione kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba mpya. Akaisoma akiwa amesimama.

"Hapa kwenye jina hujaweka alama."

"Kitufe chake kimeingia maji ya samaki, hakibonyezeki. Na inafanya kazi hivyohivyo."

"Inafanya kazi leo."

"Na kesho pia, dada Rhoda."

"Sikiliza. Kompyuta haijui kwamba jina kama Mama Neema ni la mtu mmoja. Ikikuta nafasi katikati, inasema jina limeishia hapa, linaanza lingine. Ndiyo maana nakuambia ulifunge pande zote mbili."

"Sasa hapa Mama Neema yuko wapi? Tuna Kamanga, Igombe na Kayenze. Neno moja moja."

Alinitazama kidogo. "Kibodi nyingine ikija, weka."

"Nitaweka."

Kibodi nyingine ilikuja baada ya wiki mbili. Sikuweka.

Nataka uone hapo, Vero, kwa sababu kwa muda mrefu nimekuwa nikikisingizia kile kitufe. Kitufe kilipona. Mimi nilikuwa nimeshazoea. Skripti ilifanya kazi miezi mingi bila kosa, na kila siku ilipofanya kazi nilijiona nimemshinda Rhoda. Ningejuaje kwamba ilikuwa inangoja tu jina lenye nafasi katikati?

Jina likaja. Wanunuzi walifungua sehemu nyingine ya kupokelea samaki, mbele kidogo ya kivuko cha Kamanga, watu wakaiita Kamanga Mpya. Rhoda akafungua folda ya jina hilo, akaingiza tarakimu za majaribio. Siku ya tatu yake mtandao ulikatika tangu asubuhi. Folda ya Kamanga yenyewe, ile ya zamani, ilikuwa na joto la mzigo wa wiki nzima na ilikuwa bado haijatumwa. Mchana Rhoda akanipitia mbio, kalamu mdomoni: "Futa Kamanga Mpya, ile ya majaribio, nafasi imekwisha." Akaenda mzanini.

Nikaandika Kamanga Mpya, nikabonyeza.

Kompyuta haikuona jina moja. Iliona majina mawili. Ikafuta Kamanga yote, kisha ikatafuta kitu kinachoitwa Mpya, haikukipata. Ikaandika mstari mmoja wa Kiingereza kunijulisha kwamba Mpya haipo. Na mimi na Kiingereza changu cha nusu ya mwanzo nikausoma, nikaelewa kwamba haipo, nikasema moyoni, sawasawa, imefutika. Lori likapiga honi. Nikatoka kwenda kushusha.

Jioni ileile nilimsikia Rhoda akipiga kelele mle chumbani: "Kamanga Mpya ipo! Kamanga ndiyo haipo!" Nilikuwa nimeshika koleo la barafu. Nikaelewa yote papo hapo, kana kwamba mtu amenichorea. Nikaendelea kumwaga barafu.

Mzigo ulizuiwa. Samaki wa wiki nzima, wazuri, macho bado yanang'aa, wakapakiwa kwenda kutupwa, na sisi vibarua ndio tuliowapakia. Kesho yake meneja wa wakati ule alituita sote pale kwenye lango la kupokelea. Rhoda alikuwa amesimama peke yake upande wa ofisi. Sisi tulikuwa upande wetu, na viatu vyetu vya mpira. Meneja akasema kumbukumbu zimefutwa kwa neno la siri la Rhoda, na Rhoda anadai aliyefuta ni kibarua. Akauliza, kibarua gani?

Rhoda akanigeukia. "Sema mwenyewe, Baba Vero."

Ningeweza kunyamaza tu, lakini nilifanya kibaya kuliko hicho. Nilinyoosha mikono yangu mbele, imejaa magamba na nyufa za chumvi, nikasema, "Bosi, mimi ni mbeba kreti. Kompyuta naijulia wapi? Hata kuiwasha siwezi."

Meneja akaitazama mikono ile. Akacheka kidogo, nao wa ofisini waliokuwa nyuma yake wakacheka. Akamwambia Rhoda, "Ungetafuta uongo unaofanana na kweli."

Na wenzangu? Wote walikuwa wakiniita Profesa. Hakuna hata mmoja aliyenyanyua uso. Kwetu vibarua kuna desturi, wewe huijui: mwenzetu hatajwi mbele ya ofisi, hata awe amekosa nini. Ni desturi nzuri, imeshaniponya na imeshawaponya wengine. Siku ile ilitumika kumzika mtu ambaye hakuwa wetu wala wa ofisi. Baadaye, tukiwa tunanawa, mmoja akaninong'oneza, "Umecheza, Profesa." Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita tena jina hilo, na sikumwomba mtu aniite.

Rhoda alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Alipita mbele yetu na mkoba wake, hakunitukana, hakunitazama.

Nami nikabaki mtu asiyejua kompyuta. Hebu fikiria, mwanangu. Nilikuwa nimesema siwezi hata kuiwasha, ikanibidi niishi hivyo. Karani mpya alikuwa akihangaika na amri, namwona anakosea, nafagia nyuma ya kiti chake. Likizo iliyofuata ulinijia na laptop, ukasema, "Baba tuendelee." Nikakuambia nimesahau. Ukanitania kwamba nimezeeka. Mama yako alinitazama siku hiyo, sijui aliona nini.

Wewe ukaendelea peke yako. Ukanipita mbali, na nilikuwa nasikia furaha na uchungu vikiwa vimekaa pamoja. Nilidhani kosa langu limebaki kwangu. Halafu ukaja huo mstari wa nne.

Kwa hiyo nisikilize kuhusu hizo alama, halafu nirudi kwenye jambo lenyewe. Jina lolote utakalotaka kompyuta ilisome likiwa zima, lifunge kwa alama mbilimbili pande zote: rm -r "$folda". Lifunge hata kama leo ni neno moja, maana hujui kesho atakayeliandika ni nani. Zile alama mojamoja ni kitu kingine: hizo zinaziba kabisa, kompyuta haitafungua kuona kilichomo, itachukua maandishi kama yalivyo na ile alama ya dola yake. Rhoda alikuwa akisema mbilimbili ni dirisha la kioo, mojamoja ni ukuta. Na usinakili amri kutoka kwenye ujumbe wa simu ukaibandika ilivyo. Simu inazikunja zile alama ziwe za kupendeza, na kompyuta ya kazi haizitambui. Nilipoteza siku nzima kwa hilo zamani, nikidhani nimerogwa.

Na kabla hujampa mtu skripti yako, tengeneza folda ya bure yenye jina baya, maneno matatu yenye nafasi katikati, uijaribie hapo. Mimi sikujaribu kwa sababu niliogopa Rhoda atakuwa sahihi. Nafikiri wewe hutaogopa hivyo. Nakuomba tu.

Huko unakokwenda watakuwa wanaunda programu za zahanati, ndivyo ulivyonieleza. Kila siku skripti yako itafuta ya zamani na kuunda mpya. Sijui ndani ya folda zile kuna nini. Majina ya wagonjwa? Dawa zao? Sitaki hata kufikiri. Kwetu walitupwa samaki tu, na bado mtu alipoteza kazi.

Baada ya picha yako nilikaa siku mbili, ya tatu ikawa Jumapili. Nikapanda kivuko kwenda Kamanga. Nilikuwa najua Rhoda yuko huko, nilikuwa nimelijua hilo tangu mwaka wa kwanza baada ya kufukuzwa kwake. Anakaanga samaki karibu na wanakoteremkia abiria. Nilisimama kwenye foleni ya wateja kama mjinga mpaka nikafika mbele.

"Samaki wa shilingi ngapi?" akauliza bila kuinua macho.

"Rhoda, ni mimi."

Akaendelea kugeuza samaki. "Nimekuona tangu ulivyoshuka. Wa ngapi?"

"Sikuja kula. Nimekuja kukuambia kwamba ni mimi niliyefuta Kamanga."

"Umevuka ziwa kuniletea habari ninayoijua?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

Akaweka mwiko chini. Watu nyuma yangu wakaanza kunung'unika, mmoja akasema, "Mzee, kama hununui sogea, tuna njaa."

"Msamaha hapa, kwenye mafuta?" Rhoda akasema. "Mbele ya hawa? Hawa walikusikia ukisema mimi mwongo? Unajua kuna ofisi ngapi hapo mjini nimeomba kazi? Wote wanapiga simu kule kwenu kuuliza. Wote wanaambiwa Rhoda alifuta kumbukumbu akamsingizia mbeba kreti. Nimekuwa hadithi, Baba Vero."

Nikaificha mikono yangu nyuma.

"Nenda ukaseme palepale uliposemea uongo. Na mimi niwepo, nisikie kwa masikio yangu. Ukishindwa hilo, usivuke tena."

Kisha akauliza kwa sauti nyingine, "Mtoto yule uliyekuwa ukinihadithia habari zake, bado anasoma?"

"Amemaliza. Anakwenda Dodoma, kazi ya kompyuta."

"Anaweka alama?"

Nikamwambia ukweli. Akafumba macho kidogo, akachukua mwiko wake. "Mwandikie," akasema. "Haya, anayefuata!"

Juzi nilimpigia mama yako nikamweleza. Akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii unakuja likizo, unakula ugali wangu, na hilo liko tumboni." Nikasema ndiyo. Akasema, "Kalitapike. Wakikufukuza, nyavu za dagaa ziko hapa." Mama yako unamjua. Nilimwomba asikuambie, nikuambie mwenyewe.

Na kufukuzwa kupo. Meneja wa sasa ni mwingine, hakuwepo wakati ule, simjui moyo wake. Ninaweza kufukuzwa, na hata polisi wanaweza kuitwa. Wenzangu wameshasikia ninachotaka kufanya. Jana mmoja alinifuata akasema, "Ukisema, utatutaja na sisi kwamba tulijua?" Nikamwambia nitajitaja mwenyewe tu. Hakuridhika. Usiku wa jana kazini walikula bila kuniita. Najua wanachoogopa, na siwalaumu. Ningekuwa mimi, ningeogopa vilevile.

Sasa lile gumu kuliko yote, nimelivuta mpaka mwisho wa karatasi kwa sababu mkono haukutaka kuliandika.

Nilikuahidi kwamba basi lenu likifika stendi ya Nyegezi kesho saa mbili asubuhi utanikuta pale, tuonane zile dakika chache kabla halijaendelea. Sijakuona tangu Pasaka. Nilishaomba hadi ruhusa. Lakini nilipomwomba meneja tuonane alisema anasafiri, na muda aliotupa mimi na Rhoda ni kesho, saa mbili hiyohiyo. Nilimwomba atupe saa nyingine, akasema hana. Nikampigia Rhoda, nikamweleza kuhusu basi lako, nikitumaini ataniambia tungoje meneja arudi. Alisema neno moja tu: "Chagua."

Barua hii utaletewa dirishani mwa basi na jirani yangu, yule mwenye pikipiki nyekundu. Ni mtu mwema, msalimie vizuri. Usishuke kunitafuta. Usimwambie konda angoje. Na usinipigie, maana simu nitaiacha chumbani nisije nikapata sababu ya kutoka nje.

Ningependa kukuona usoni siku unayoanza maisha yako, lakini ukinikuta pale stendi utakuwa umeonana na mtu yule aliyenyoosha mikono. Rhoda atavuka na kivuko cha kwanza. Nitamngoja getini, tuingie pamoja, yeye mbele.

Basi likianza kuondoka, Vero, nitakuwa nimeshaanza kusema.

Baba yako,
Masatu